Barua Alizosoma Baba

Harufu ya pareto, maua ya kuulia wadudu, inayokauka juani ni kali, hukwama kooni kama vumbi la dawa. Juzi niliinusa nikipita Mau Narok, nikajikuta nimerudi miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu ambako baba yangu alikuwa karani.

Baba hakuwahi kumpiga mama. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani walilisema sana. Hakunywa, hakupiga kelele. Aliuliza tu. Mama akitoka mtoni: ulikutana na nani, alisema nini, mbona umechelewa? Kesho yake aliuliza tena, kuona kama majibu yamebadilika. Marafiki wa mama waliacha kuja, mmoja mmoja.

Mama hakujua kusoma. Nyanya, mzaa mama, alikaa Bondeni, mjini Nakuru, na barua alizomtuma jirani amwandikie mama zilipitia ofisi ya shamba. Baba ndiye aliyemsomea mama. Zote zilisema yaleyale: nyanya mzima, nyumba imejaa, mama atulie kwake. Mama alisikiliza, mikono mapajani, akashukuru.

Nikiwa darasa la tatu nilitumwa kuanika koti la baba, nikakuta barua mfukoni. Siku hizo nilisoma chochote, hata maandishi ya magunia. Nikamkimbilia mama kwenye pareto, nikaisoma kwa sauti ya darasani: "Mwanangu, hii ni barua ya nne. Kama nimekukosea, niambie. Macho yangu yanazimika. Njoo nikuone."

Mama aliendelea kuchuma maua. Kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Irudishe ulipoitoa. Ikunje vilevile."

Jioni baba akaisoma barua hiyohiyo. Nyanya mzima, nyumba imejaa. Nilifungua mdomo, mama akanikanyaga kidole cha mguu. "Asante, Baba Rebeka," akasema.

Jumamosi baba alienda ofisini na mdogo wangu Yoeli, kama kawaida yake. Mama na mimi tukapanda lori la pareto hadi Nakuru bila kuaga. Nyanya alimpapasa mama uso wote, akilia kimya.

Siku ya tatu baba akafika, suti imepigwa pasi, sukari mkononi, akasalimia mtaa mzima. Mama akaeleza habari ya barua. Baba akatabasamu kwa huzuni. "Nilimsomea kila neno kama lilivyoandikwa; mtoto wa darasa la tatu husikia anavyotaka. Mama Rebeka amechoka tu."

Nyanya akamgeukia mama. "Mwanangu," akasema, "mume mpole hivi utampata wapi?"

"Yoeli anakuulizia," baba akaongeza, akikoroga chai. "Nimempeleka kwa dada yangu, kule Molo. Atakaa huko mpaka utulie."

Mama akainuka, akafunga leso yake. Tukarudi naye. Mama hakumwona nyanya tena.

Nilimnunia mama miaka mingi. Nilidhani ameshindwa na sukari na suti. Nilihitaji kuzaa watoto wangu mwenyewe ndipo siku moja, nikimvisha wa mwisho soksi, nikasikia upya maneno ya baba kuhusu Yoeli, nikaelewa kwamba hayakuwa salamu bali tishio.

Nilisafiri kwenda kumwomba mama msamaha. Alikuwa amezeeka. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akaniomba nimsaidie kusimama, mgongo ulikuwa unamuuma.