Mkia wa Kenge kwenye Bunduki ya Baba

Foto iliingia kwenye telefone ya mjukuu wangu saa nne asubuhi, nikiwa nachambua mchele, na mpaka leo sijui ule mchele uliishia wapi. Alitoka chumbani mbio, akapiga magoti mbele ya ungo, akaniambia:

"Bibi, acha hiyo kazi. Ona! Huyu mutoto mwenye beseni kichwani si weye?"

Huyu mjukuu namwita mke mwenzangu, naye hunitania kutwa nzima, kwa hiyo nilidhani ni mizaha yake. Nikashika telefone. Nikaona ufuko wetu wa Rumonge, nikaona kiboko amelala ubavu kama mtumbwi uliopinduliwa, na nyuma yake watu wamesongamana. Pembeni kabisa, upande wa kushoto, kuna katoto kembamba kamevaa beseni kama kofia. Lile gauni nililitambua kabla sijajitambua mwenyewe. Mama alilishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye pazia, na mfuko ukawa mmoja tu kwa sababu kitambaa kiliisha.

"Ni mimi," nikasema. "Haki ya Mungu, ni mimi!"

Ilitumwa na rafiki yangu niliyesoma naye Kurani chuoni tukiwa wadogo, sasa anakaa Uvira. Mjomba wake alikuwa mpiga foto. Mzee alipofariki wakafungua sanduku lake la bati, wakaikuta chini kabisa. Wale watu nyuma ya kiboko ningeweza kuwataja wote, kila mmoja jina lake na jina la mama yake, nani alikuwa muuza mawese, nani alikuwa na jicho moja. Siwaandiki hapa. Wengi hawana wa kuwauliza ruhusa.

Sasa, mbele ya kiboko wamesimama wanaume wawili wenye bunduki. Mmoja ameweka mguu juu ya kichwa cha mnyama, kifua mbele, kama yeye ndiye amepewa uhuru peke yake. Mwingine yuko pembeni, bega moja limekatwa na ukingo wa foto. Wote warefu, wote wana kaptura za kaki, na jua la saa sita limewapiga juu ya kofia mpaka kivuli kimefika midomoni. Macho hayaonekani, pua haionekani. Nikaileta telefone karibu na macho, maana wawindaji wa siku ile walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa baba yangu.

Lakini yupi?

Lazima nieleze kwa nini niliacha mchele. Mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanakamatwa na kuuawa, baba alitoka nyumbani asubuhi, hakurudi. Sisi tulivuka ziwa na nguo tulizovaa. Foto zote zilibaki ukutani, na ukuta wenyewe haukubaki. Mama alikuwa na mimba, na mdogo wangu akazaliwa ng'ambo, upande wa Kigoma. Leo tumerudi, ana wajukuu, ana cherehani yake sokoni, mvi kichwa kizima, na hajawahi kuona baba yake hata kwenye karatasi.

Nikamwambia mjukuu, "Muite babu yako mudogo. Mwambie aje hata kama suruali ya mtu iko kwenye sindano."

Alikuja kwa miguu, utepe wa kupimia ungali shingoni. Akaitazama foto labda muda wa kumeza mate mara moja, kisha akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Ni huyu! Huyu wa mbele! Dada, si weye mwenyewe uliniambia? Baba alimukanyaga kiboko kichwani!"

"Ngoja kwanza, mudogo wangu."

"Ningoje nini tena? Miaka yote hii nimengoja! Ona kifua hicho. Ona vile iko amesimama. Ni mutoto wangu wa pili kabisa!"

"Mutoto wako wa pili ana kitambi," mjukuu akasema.

"Nyamaza weye! Nitumie hiyo foto sasa hivi."

Akatumiwa, akaondoka karibu anakimbia. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa limemwona mtu mwenye mguu juu ya kiboko. Wauza dagaa walimwona, kinyozi alimwona, na fundi wa studio ya foto alishaagizwa amtoe yule mtu peke yake, amkuze, amtie fremu yenye kioo.

Mimi nilibaki na ungo wangu. Kwa sababu yale maneno ya kukanyaga kiboko ni mimi niliyeyatunga. Alikuwa na miaka mitano, tuko ng'ambo, watoto wenzake wamemuuliza baba yako yuko wapi, akaja kwangu analia mpaka makamasi yanamwingia mdomoni. Nikamwambia baba yetu alikuwa mtu wa kukanyaga kiboko kichwani. Akanyamaza. Kesho yake akataka tena, nikaongeza kidogo. Ukweli ni kwamba sikukumbuka nani alisimama wapi. Wakati foto inapigwa nilikuwa na miaka sita na akili yangu yote ilikuwa kwenye nyama.

"Bunduki," nikamwambia mjukuu. "Tuangalie bunduki. Watu siwezi, lakini ile bunduki nililala nayo nyumba moja."

Jirani yetu mmoja alikuwa askari zamani. Tukampelekea. Akavaa miwani, akasogeza telefone mbali, akaileta karibu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na shemeji yake.

"Hii iko Mauzeri, mama. Ya wakati wa Wajerumani. Ona hii chuma ya kufungulia, imetoka ubavuni kama kidole. Bunduki ya vita hii, halafu wakaifanyia kazi ya nyama kubwa."

"Mudachi!" nikasema. "Baba alikuwa anaiita Mudachi!"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa ni ya nani kati ya hawa wawili?"

Akatazama tena, na lile tabasamu likapungua. "Ya wote wawili. Ni mapacha hizi, zimetoka sanduku moja. Hapo bunduki haiwezi kukuambia kitu."

Tukamshukuru, murakoze, tukatoka. Lakini njiani nikaanza kucheka peke yangu, mjukuu akanishika mkono akidhani jua limenipiga. Mapacha, ndiyo. Ila pacha mmoja alikuwa ameumia!

Mwaka ule, kabla ya uhuru, baba aliteleza kwenye mawe ya ufukoni kule Magara, akaangukia bunduki. Ikavunjika shingoni, pale mti unapokuwa mwembamba, mkono wa kulia unaposhika. Bunduki si yake, ni ya leta, mali ya serikali. Baba alikaa barazani siku mbili anavigeuzageuza vile vipande. Siku ya tatu kenge akaingia kwenye banda letu kula mayai, baba akampiga gongo moja la hasira, na mama, ambaye alikuwa msusi wa mikeka, akasimama akamwangalia yule kenge, akaiangalia bunduki, akasema, "Muchune."

Ngozi mbichi ukiishona ikiwa imelowa, ikikauka inabana kuliko chuma. Mama aliivalisha ile shingo, akaishona kwa sindano yake ya mikeka na uzi wa nyavu, akaiacha juani mpaka ikalia ukiigonga. Nilikuwa nimekaa kando yake tangu mwanzo. Alipomaliza ulibaki mkia, kama urefu wa kidole changu cha kati, unaning'inia chini. Akachukua kisu. Mimi nikamshika mkono nikalia, "Mama, usikate mkia!" Nilikuwa nimeshaupenda. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu Magara, akasema, "Uache. Mudachi amepata mukia."

Basi nikamkamata mjukuu, tukakaa hapo hapo kwenye kizingiti cha duka la watu.

"Vuta kubwa hapo kwenye shingo ya bunduki. Tafuta kitu kimezunguka, kina madoadoa."

Akavuta. Yule wa mguu juu amekumbatia bunduki kifuani, na kiganja kimefunika shingo yote. Yule wa pembeni amekumbatia bunduki kifuani, na kiganja kimefunika shingo yote. Sawasawa, kama wamekubaliana.

 Mjukuu akasema polepole, "Pole, bibi."

Na ni hapo, wakati ananirudishia telefone, sauti ya yule mpiga foto ikanirudia kichwani kama anaongea nyuma yangu. Alikuwa ametoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kuja kupiga foto watu na bendera mpya, suruali imenyooshwa vizuri, kila kitu kwake aibu. Kiboko alikuwa ameharibu mpunga wa watu majuma matatu. Baba na mwenzake walimpiga kwenye mdomo wa mto, nikasikia bismillahi ya baba halafu mshindo. Kiboko akifa anazama kwanza. Tulimngoja ufukoni muda mrefu, mji mzima, na visu na mabeseni, tukiangalia maji, mpaka tumbo lake likatokea juu na watu wakaimba. Alipovutwa nchi kavu yule bwana akaja na mashine yake, akawapanga wawindaji, akasimama mbele ya mmoja, akasema, "Hii bunduki imefungwa bandeji kama mugonjwa. Sisi tuko na uhuru, bwana! Funika hapo kwa mukono. Na weye mwenzake, shika vile vile, mufanane." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Bandeji ile ilikuwa kazi ya mama yangu.

"Rudisha!" nikamwambia mjukuu. "Usiangalie shingo. Angalia chini ya ngumi!"

"Chini ya ngumi ya nani?"

"Ya wote! Anza na huyu wa mguu."

"Hakuna kitu, bibi. Kuna shati tu."

"Sasa huyu wa pembeni."

Akavuta, akavuta tena. "Kuna uchafu wa foto hapo. Kamustari keusi."

Nikafuta kioo kwa pindo la kitenge. Hakakutoka. Nikafuta tena, na kalikuwa palepale, kanatoka chini ya kidole kidogo cha baba yangu, kananing'inia, ncha imepinda kidogo kwenda kulia, vilevile nilivyozoea kuipinda mimi kwa kidole asubuhi akinywa chai. Nilipiga kigelegele hapo hapo barabarani. Mwenye duka alitoka akiuliza nani ameolewa.

Sokoni tulimkuta mdogo wangu anawahadithia watu wawili. Nikawaomba watupishe. Nikamwambia yote: kwanza mkia, halafu ule uongo. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Akanitazama mimi, si foto.

"Kwa hiyo kiboko hakukanyagwa na baba."

"Hakukanyagwa na baba."

"Na weye ulikuwa unajua."

"Nilikuwa sijui. Nilikutungia. Ulikuwa unalia, mudogo wangu, na mimi nilikuwa sina kitu kingine cha kukupa."

Akajifuta mikono kwenye shati. Kisha akanyoosha mkono, akachukua telefone. Alimtazama yule wa pembeni kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama yule wa mguu. Ile midomo chini ya kivuli imebanwa, imebanwa kweli, kama mtu anayezuia kucheka au anayezuia kutukana, na nikaona mdogo wangu naye amebana ya kwake hivyo hivyo bila kujua.

"Mama alishona namna gani?" akauliza.

Nikachukua sindano yake na kipande cha kitambaa, nikamwonyesha: unapita juu, unarudi nyuma, unafunga, ndipo unakwenda mbele. Akanyang'anya kile kitambaa.

"Huu ndio mshono wangu wa mifuko! Mama alinifundisha mwenyewe! Kumbe ulikuwa kwenye bunduki ya baba?" Akasimama, kiti kikaanguka. "Twende studio. Atakuwa ameshatoa yule mutu mwingine. Twende, dada, inuka!"

Alinikokota katikati ya soko, miaka yangu hii, na kila tuliyempita akamwambia bila kusimama: "Si yule! Ni huyu wa pembeni!" Kinyozi akatoka na wembe mkononi kuuliza kimetokea nini. "Ni wa pembeni! Ile ya asubuhi ifute!"

Fundi wa studio alikuwa ameshamtia yule mwenye kifua kwenye fremu. Akatusikiliza, akaifungua foto nzima kwenye kioo chake kikubwa, akakuna shingo.

"Huyu wa pembeni ni shida, wazee wangu. Bega limekatika, bunduki inaleta fujo. Mimi nitachukua kichwa na kifua tu, hapa chini nakata, atatoka safi."

Na kidole chake kikaanza kushuka pale chini ya ngumi. Mimi nilifungua mdomo, lakini mdogo wangu alikuwa ameshamdaka mkono yule kijana kwa mikono yake yote miwili, utepe unamning'inia shingoni, machozi yanamtiririka na yeye anacheka:

"Kata kofia, kata hata miguu! Usikate mukia!"