Saksafoni Tatu za Dhahabu kwa Moja Iliyobonyea

Nilipaswa kukataa pale pale dukani, kabla chai haijapoa. Nilisema "sawa," na mpaka leo nikikumbuka nilivyolitamka neno hilo nakunja ngumi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Walowezi wa Oldeani walikuwa wakiuza mashamba ya kahawa na kuondoka, na vyombo vyao vya nyumbani viliishia kwa mfanyabiashara mmoja wa Karatu: vitanda, gramafoni, saa za ukutani. Mimi nilikuwa karani wa shamba, nimesoma sekondari, na nilikuwa na ugonjwa wa saksafoni kuukuu. Sikujua kupiga hata wimbo mmoja. Nilizinunua, nikazing'arisha, nikazitundika sebuleni ili wageni waulize.

Mpigaji alikuwa mdogo wangu. Yake ilikuwa imebonyea na rangi ya fedha imebanduka, lakini aliipata kwa kuchuma kahawa misimu kadhaa, na Jumamosi watu walitoka hata Mang'ola kuja kucheza. Alikuwa kijijini Arash, akimsaidia mjomba kuswaga ng'ombe, mfanyabiashara aliponiita.

"Karani, nina tatu za Mjerumani. Zimechorwa maua, zimepakwa dhahabu. Niletee ile mbovu ya mdogo wako, kuna mzungu anaitaka, uchukue zote."

"Ile si yangu."

"Baba yenu alipokufa nani alibaki msemaji wa nyumba? Au siku hizi unamwomba ruhusa kitindamimba?"

Kwetu kweli mzaliwa wa kwanza ndiye huamua juu ya kila kilicho chini ya paa la baba. Desturi hiyo iliwekwa ili mkubwa awalinde wadogo. Mimi niliitumia kuiba ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mdogo wangu aliporudi nilimwambia achague yoyote kati ya zile tatu. Nilitegemea shukrani, mpumbavu mimi. Alizibeba zote mazoezini kwa bendi yake, nami nikamfuata nikiwa nimevaa koti.

Hakuna hata moja iliyolingana na vyombo vya wenzake. Zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya bendi za zamani za jeshi, sauti yake iko juu kidogo ya ile inayotumika sasa. Alivuta kipande cha mdomoni nje, noti chache zikakaa, nyingine zikazidi kupotea. Mpiga kodiani akaweka chombo chake chini.

"Gitaa tutakaza nyuzi," alisema. "Kodiani yangu nitaikazia wapi, bwana karani? Kwenye mkanda wa suruali?"

Wote walicheka isipokuwa mdogo wangu. Kupuliza noti moja tu kando ya chombo kingine kungetosha kunionya. Nilikuwa nimenunua kwa macho, kama mtu anayechagua kitenge.

Nilirudi dukani kwa hasira. Yule bwana hakuinuka hata kwenye kiti.

"Ulitaka za kutundika, nikakupa za kutundika. Lini uliniuliza za kupiga? Na ile nyingine imeshaondoka na mzungu wake, iko melini."

Alijua. Sijamsamehe na sitamsamehe. Lakini hakuvunja mlango wangu. Niliitoa mwenyewe, nikaifunga kwenye gunia ili isichubuke.

Jioni mdogo wangu aliniuliza akiwa anafunga kamba za viatu.

"Kaka, ungeniomba, ningekupa?"

"Usingenipa."

"Kwa hiyo ulijua."

Nilimfokea. Nilimwambia mimi ndiye mkubwa, kwamba bila mimi asingekuwa na pa kulala. Ndivyo nilivyomfukuza mdogo wangu. Asubuhi alipanda lori la kwenda Wasso, akapata kazi ya ujenzi, akaoa huko. Mahari yake ilipelekwa na mjomba, mahali ambapo ningesimama mimi. Nilimwendea mara kadhaa. Alinikaribisha chai kama anavyokaribishwa mgeni wa serikali, kisha akarudi kazini. Hakushika tena saksafoni. Alipofariki niliambiwa baada ya mazishi, na wanawe sijui hata sura zao. Nilipata saksafoni tatu zisizopigika, nikampoteza ndugu yangu pekee.