Nyanya Alivyokipalia Kibati Changu Makaa

Leo nyanya yangu ameuzima utafiti wangu kwa makaa ya moto. 😂

Mnajua nasomea vibati vinavyogeuza joto kuwa umeme. Ndani mna nyuzi za chuma nyembamba kuliko unywele.

Basi asubuhi nimekipeleka kimoja kwake Malindi, nikakiweka juu ya seredani, jiko lake la makaa, na kijitaa nilichokiunga kwa waya kikawaka. Nikajipigia kigelegele mwenyewe!

Nikaingia ndani mara moja kuchukua simu nipige picha.

Kurudi, kijitaa kimezima. Nyanya, bingwa wa mkate wa kumimina unaookwa kwa moto chini na juu, amekifunika kibati changu kwa sufuria na kupalia makaa juu.

"Nimekusaidia, mwanangu. Chini kilishashika, juu kilikuwa bado kibichi."

Jamani! Umeme wenyewe hupatikana upande mmoja ukiwa moto na wa pili baridi!

Nikaondoa makaa, nikaweka juu pakiti ya barafu ya ukwaju. Kijitaa kikawaka kushinda mwanzo. Nyanya akashangilia hadi majirani wakachungulia.

Kisha akanitazama kwa huruma.

"Kwa hivyo miaka yote hiyo chuoni wafunzwa kuoka mkate uive upande mmoja?"

 Mlio na jibu la kumpa, nisaidieni.