Mkono Begani

Jirani yangu wa karakana huchapa sura za waimbaji wa zamani, akizitoa kwenye picha za magazeti. Huweka karatasi chini ya fremu ya kitambaa, hushusha pumzi, kisha huvuta wino kwa mpira wake mrefu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kila sura huitolea nakala ishirini, huzitia namba, basi, fremu inasuuzwa, sura inafutika. Vidole vyake ni vya bluu hadi kwenye kucha. Nyuso hukauka kwenye kamba, na feni ikizigeukia zote huitikia kwa kichwa, hata mimi ninapokuja kuazima mkasi hujikuta nanong'ona.

Wiki hii anamchapa mpiga gitaa aliyefumba macho. Begani mwake kuna mkono wa mtu asiyeonekana, gazeti lilimkata. Jana mteja alimwambia, "Dada, huo mkono unaharibu. Uondoe, nichukue zote." Yeye ambaye hubadilisha rangi kwa kila anayeomba, safari hii alitikisa kichwa tu. Mteja alipoondoka, akaugusa ule mkono kwa ncha ya kidole. "Ni wa mama," akaniambia. "Alikuwa akimwitikia nyimbo, amesimama nyuma yake." Nikamwuliza kwa nini basi aishie ishirini, na angeweza kumsambaza mama yake mji mzima. Akacheka kidogo, akaiinamia fremu.

"Jirani, mama hakupenda kushinda kwenye nyumba za watu."