Kamera ya Kitufe Kimoja

Jamani, mtoto wangu wa kumzaa leo kanigeuka.

Kitinda mimba wangu Shaibu katoka jandoni leo, hapa Newala. Tangu asubuhi sikai, sisimami.

Dada yake Zuhura, yule mpiga picha za harusi, akanipa kamera kubwa.

"Mama, usihangaike. Vitufe vingine nimeviziba kwa plasta. Wewe bonyeza hiki nilichopaka rangi ya kucha."

Nikasema, mwanangu ananijali!

Watoto wakaja na nguo mpya, vigelegele, miamvuli. Wenzangu wanawakumbatia wana wao, mimi nabonyeza tu. Maandishi ya Kiingereza yanawakawaka, nikajua ndiyo inafanya kazi.

Tumerudi nyumbani, nataka kuona picha zangu. Zuhura anacheka!

"Mama, humo hamna kadi, haikuhifadhi hata moja. Nilikupa utulie. Ungemrukia mtoto, ungelia, ungeniharibia picha."

Zake tumeziona. Nzuri, siongopi. Ila kila nilipo, uso umezibwa na kamera.

Shaibu kaniuliza taratibu, "Mama, mbona wewe hukunikumbatia?"

Mama wenzangu, mngemjibuje?