Lori Lililomeza Maji Hapa Mtoni

Leo nimempiga dereva wa lori kwa mwiko wa ugali, na sijuti!

Mnamjua Rehema wangu, fundi wa dizeli, gereji yake inatazamana na kibanda changu cha chakula. Basi lori lilipita kwenye mafuriko, injini ikavuta maji, ikagoma kuzunguka hapa mbele ya gereji. Dereva akafunga mnyororo ili lake livutwe na lori jingine, liwake kwa nguvu.

Rehema akakaa juu ya mnyororo.

"Braza, silinda zimejaa maji. Ukivuta unavunja injini ya tajiri wako."

"Toka hapo!" Akamkaba koo.

Mwanangu? Mbele yangu?

Mwiko ukatua puani, puu! Damu. Wa pili mgongoni. Watu wakaja mbio kutuamulia. Nyie wenye mabinti, mngevumilia?

Rehema, shingo ina alama za vidole, akafungua nozeli zote za kupulizia dizeli, matundu ya silinda yakabaki wazi. "Piga stata!" Maji yakaruka juu kama bomba limepasuka. Akarudishia nozeli, akabadilisha oili. Injini ikanguruma, mtaa mzima vigelegele!

Dereva akaja na pamba puani. "Shikamoo, mama. Fundi nimeshamwomba radhi."

"Marahaba. Umekula?"

Nikampakulia ugali. Kwa mwiko uleule.