Kibuyu cha Kuazima

Kibuyu kipo juu ya kabati langu la vyombo hapa Morogoro, na hakijatiwa maziwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini siku za mvua, hewa ikiwa nzito, nikifungua kifuniko chake cha ngozi kinatoa harufu ileile: moshi wa kaa la mti, maziwa yaliyoganda, na kwa mbali kidogo, zizi. Wageni wangu hukunja pua. Mimi hutafuta kiti nikae, maana miguu yangu hapo imeshaondoka. Ipo Gehandu, chini ya Mlima Hanang, inatembea kwenye ukungu wa asubuhi.

Miaka hiyo Gehandu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, na Manyara kwetu ilikuwa jina la ziwa tu. Mama yangu, mzaliwa wa milima ya Uluguru, alipangiwa kufundisha shule ya msingi pale, na baba alikuwa mganga wa zahanati. Nilikuwa na miaka tisa. Nyuso nyingi za wakati ule zimenifutika, nisamehe msomaji, lakini ukungu ninauona. Kwanza zinasikika kengele ndani yake, kisha zinatokea pembe, kisha ng'ombe mzima anapita mbele yako kimyakimya, amelowa mgongo.

Nyuma ya shule kulikuwa na ghala la ushirika. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao wakabeba mahindi na maharage shambani kwa mkulima, ushirika ukalala, na ghala likabaki na popo. Asubuhi moja tuliona moshi ukitoka mlangoni. Ndani kulikuwa na mwanamke na watoto watatu, ngozi moja ya ng'ombe ya kulalia, na kibuyu. Walikuwa wafugaji wa tambarare. Ardhi waliyochungia ilikuwa imelimwa ngano hadi mlangoni pao, ng'ombe wakaisha mmoja mmoja, na baba wa watoto alikwenda upande wa Singida kutafuta malisho, hakurudi. Mkubwa wa watoto aliitwa Udameda. Alikuwa wa umri wangu, na kabla jua halijakolea siku ile tulikuwa tumeshakuwa marafiki, kwa sababu yeye alijua kupiga mluzi wa kuita ndama na mimi nilikuwa na kipande cha muwa.

Mama hakuwa mtu wa kuona jambo akanyamaza. Wiki ileile alitangaza mstarini kwamba kila mwanafunzi alete kikombe cha mahindi, na Jumamosi akachukua boksi la sabuni, akaandika ubavuni kwa mkaa: KUTOA NI MOYO SI UTAJIRI. Boksi nikabeba mimi. Tukazunguka kijiji kizima, boma kwa boma, na Mama akasisitiza Udameda aje nasi. "Watu wamwone mtoto mwenyewe," alisema, "waguswe." Kwa hiyo Udameda alisimama kwenye kila mlango akitazama vidole vyake vya miguu, na mkono mmoja ameshika upindo wa gauni langu kwa nyuma. Wakati ule nilijivunia kushikwa vile. Leo nikiukumbuka ule mkono naona aibu.

Watu wa Gehandu walitoa, tena kwa ukarimu. Walitoa unga, maharage, sufuria isiyo na mshikio, na sweta za mitumba zenye harufu ya dawa. Mlango mmoja tu ndio uliotushinda. Ulikuwa wa Bibi Paskalina, mjane mwenye mguu mbovu na zizi lililojaa hadi ng'ombe walilala wameegemeana. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akalisoma boksi letu polepole kwa kidole.

"Moyo ninao, Mwalimu," alisema. "Cha kutoa sina."

Akamtazama Udameda, siyo usoni bali mikononi, kama mtu anayechagua mkamuaji. Akamwuliza jambo kwa kilugha, Udameda akajibu neno moja, bibi akaingia zake ndani. Njia nzima Mama alisema peke yake. Zizi lote lile, alisema, na hata kikombe cha maziwa hana. Kuanzia siku hiyo, nyumbani kwetu mtu akibana sukari kwenye chai aliitwa Paskalina.

Boksi lilijaa, tukalimwaga, likajaa tena. Nilidhani sasa mambo yamekwisha vizuri. Kumbe mkutano wa kijiji ulikuwa umekaa. Mfanyabiashara mmoja alilitaka ghala kwa ajili ya mazao yake, na mwenyekiti alikuja nyumbani kutoa taarifa, kofia mkononi, kwa heshima zote. Alisema kijiji kinamshukuru Mwalimu kwa msaada ule, kwa sababu sasa yule mama ana cha kumfikisha mbele. Lori la mazao lingewabeba Jumatatu hadi Babati.

"Babati kwa nani?" Mama aliuliza.

"Watajua hukohuko, Mwalimu. Wenyewe tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa huyu jembe tutampa alimie wapi?"

Mama alifika hadi ofisi ya kata, akarudi na vumbi tu. Ile Jumapili nililia sana. Nilimwambia Mungu kwamba akimbakiza Udameda nitaacha kuchovya sukari, na nilikuwa nasema kweli.

Jumatatu ukungu ulishuka hadi chini. Lori liliunguruma mbele ya ghala bila kuonekana, na watu walisimama kuaga wamejifunika mablanketi. Vitu vyote tulivyokusanya vilikuwa vimefungwa vizuri, vifurushi vinne vyenye kamba, tayari kupakiwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumewafungia safari kwa mikono yetu wenyewe. Mama aliona pia, nadhani, kwa sababu aligeuka akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Ikasikika kengele. Ikasogea taratibu, ikisimama na kuanza tena, hadi pembe zikatokea kwenye ukungu, kisha ng'ombe mwekundu mwenye kiwele, na nyuma yake Bibi Paskalina na fimbo na mguu wake. Hakumsalimia mtu. Alimpitisha ng'ombe katikati yetu, akaichukua kamba ya shingoni akamkabidhi mama yake Udameda, wakaongea kidogo kwa kilugha. Ndipo akamgeukia mwenyekiti.

"Ng'ombe wangu yuko kwa huyu mama. Maziwa na samadi ni vyake, ng'ombe ni wangu. Mkimpeleka Babati, mwenyekiti, mimi ng'ombe wangu nitamfuata wapi?"

Mwenyekiti aliitazama kamba mkononi mwa yule mama. Alisema kitu kuhusu makazi. Bibi akajibu kwamba chini ya boma lake pana uwanja, na ng'ombe hulala kwa anayemkamua, hilo hata mtoto analijua. Watu wakaanza kucheka, wakaangaliana. Halafu, bila mtu kutoa amri, mwanamume mmoja akauliza miti ya kujengea itakatwa upande gani. Lori likaondoka na mahindi tu.

Mama, Mungu amrehemu, hakuridhika. Alimfuata bibi pembeni nami nikiwa nimemng'ang'ania sketi. "Bibi, ng'ombe unao wengi. Kwa nini usimpe huyu mmoja tu, awe wake?"

Bibi Paskalina alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeshindwa hesabu rahisi. "Nikimpa, si ataondoka naye," alisema, akashika njia ya kwao. Mama alitikisa kichwa. Hadi anafariki aliamini kwamba yule bibi alikuwa mwema lakini mchoyo.

Udameda alikaa. Ile nyumba ilijengwa ndani ya wiki, na waliotoa sweta ndio waliobeba udongo. Kwa miaka kadhaa tulikula, tukagombana na tukakua pamoja, hadi Manyara ikawa mkoa, watumishi wakapangwa upya, na barua ya uhamisho wa baba ikafika. Watu walituaga kwa mikono miwili. Walituletea kuku, mayai, asali na kondoo mzima. Udameda alikuja wa mwisho, akanipa kibuyu chao kikuukuu, kilekile cha ghalani.

"Siyo zawadi," alisema. "Utarudisha."

Niliumia. Kijiji kizima kinatupa, rafiki yangu wa damu ananiazima, tena kibuyu. Garini Mama alisema kwamba kuishi karibu na Paskalina kumemharibu yule mtoto, nami nikakubali.

Baada ya hapo tulihama na kuhama. Nilikuwa mtu mzima, mpangaji mpya katika mtaa huu, majirani wakinisalimia vizuri na kuniletea sahani ya pilau sikukuu, nami nikiwa bado mgeni, hadi jioni moja mtoto wa jirani akagonga. Mama yake anaomba nimwazime mbuzi ya nazi. Nilimpa, nikafunga mlango, nikakaa chini jikoni nikilia, nisijue kwa nini. Kisha nikajua. Miaka yote ya Gehandu sisi tulipewa. Mayai, kuku, asali, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna aliyewahi kutuazima kitu, kwa sababu kila mtu alijua watumishi ni watu wa kuondoka. Hakuna, isipokuwa mtoto mmoja aliyewahi kusimama kwenye milango ya watu ameshika gauni langu.

Nasikia Udameda ana zizi lake sasa, palepale chini ya boma la bibi. Likizo hii nitakwenda. Kibuyu nimekifuta vumbi, nimekifunga kwa kanga. Nitamrudishia mkononi mwake, tunywe maziwa, na kabla sijapanda gari nitamwomba aniazime kitu kingine.